Muulize Mwalimu: Jua la Februari na nyumba iliyojaa watu

Ukifika msimu huu barua zangu hubadilika. Ugomvi wa mawifi hupungua, na malalamiko ya watoto waliofungiwa ndani huongezeka. Januari mpaka katikati ya Machi ndiyo miezi yetu ya joto hapa Nairobi. Anayekuambia joto ni la Juni hadi Agosti amesoma majarida ya Uingereza. Julai sisi tunavaa masweta. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Pipeline, ghorofa ya tano, vyumba viwili. Nina watoto watatu: wa miaka 14, wa 9 na wa 4. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Murang'a kungojea upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa hiyo haoni vizuri na ngazi hazimudu. Jumamosi na Jumapili mchana nyumba inakuwa tanuri. Mkubwa anazama kwenye simu, wa katikati anamchokoza mdogo, mdogo analia, na cucu, bibi yao, amekaa pembeni kama mgeni. Televisheni imeharibika na pesa ya fundi sina. Nifanye nini nao? — Mama Watatu, Pipeline*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Kwanza tulipunguze tatizo lenyewe. Unaniandikia kana kwamba siku nzima ni mbaya, na sivyo. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana hata Februari jua likizama joto huondoka nalo, na alfajiri unatafuta shuka. Kinachowatesa ni kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Basi kazi yako ni ya muda wa saa tatu, si ya wikendi nzima. Nilifundisha chekechea miaka 31, na akina mama niliowaona wakichoka kabisa ni wale walioanza kuwachezesha watoto kabla chai haijapoa. Asubuhi waache wazurure kwenye ngazi, wafue soksi zao, wateke maji. Mchezo mzuri ufiche mvunguni, uutoe saa nane ikigonga.

La pili ni huyo cucu anayekaa kama mgeni. Mchezo unaoifaa nyumba yako ni ule usioweza kwenda bila yeye. Muulize kama anajua giuthi. Hilo ni bao la Wakikuyu, la safu mbili za mashimo, na watu wengi wa rika lake walilicheza ardhini utotoni. Wajaluo wana lao, ajua. Sisi tuliozaliwa Majengo, Pumwani, tulikulia kwenye bao la Kiswahili lenye safu nne, mashimo 32 na kete 64, lile wazee huanza na hatua ya namua kisha wakaingia ile ya mtaji, na ukitaka kujifunza vizuri utaota mvi. Usihangaike na hilo. La safu mbili linatosha.

Ubao hununui. Nenda kwa muuza mayai uombe trei moja ya makaratasi iliyochakaa, zile za mayai 30. Kata kwa kisu safu mbili zenye mashimo sita kila moja. Kete ziwe vifuniko vya soda. Mwenye kibanda atakupa mfuko mzima jioni maana kwake ni taka. Vioshe. Weka vitatu vitatu kila shimo, jumla 36. Kila mchezaji ana safu yake. Kwa zamu unachota vyote vya shimo lako moja na kuvisambaza kimoja kimoja ukizunguka upande mmoja, kinyume cha saa. Cha mwisho kikiangukia shimo tupu la upande wako, unakula vilivyo katika shimo linalotazamana nalo. Asiyebakiwa na cha kuchota, mchezo umekwisha, mnahesabu mlichokula. Sheria hizi ni za kwangu za darasani. Cucu akisema kwao ilikuwa hivi na vile, zifuateni zake bila ubishi. Ndiye jaji.

Kwa nini nimesema vifuniko na si maharagwe? Kwa sababu darasani kwangu kijana mmoja wa miaka minne alisukuma harage puani. Nilidhani ana mafua. Siku ya tatu mama yake akanirudia na harage limefura, daktari kalitoa kwa koleo ndogo, nami sikulala usiku ule. Mtoto wako wa miaka 4 hana pua ya kumeza kifuniko cha soda. Tena kina faida nyingine: kina meno pembeni, kinashikika, kinalia kikigusana. Nimemwona bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa akicheza kwa vidole tu. Alipitisha kidole shimo hadi shimo, akahesabu kimoyomoyo, akachota, akasambaza, akamla mjukuu wake vifuniko vinane. Mtoto alipojaribu kuiba kimoja, bibi alisikia mlio.

Sasa huyo wa miaka 14. Usimwambie "cheza na wadogo zako," utamfukuza. Mwambie tu, "Nadhani cucu atakushinda." Kushindwa na mtu asiyeona vizuri ni jambo ambalo kijana wa umri ule hatalivumilia. Atarudi mara ya pili, na ya tatu, na simu itajaa chaji yenyewe kwenye soketi. Wa miaka 9 awe mchezaji wa zamu inayofuata. Wa miaka 4 mpe cheo: mweka hazina. Vilivyoliwa vyote vinapita mkononi mwake, anavipanga kumi kumi. Atajifunza kuhesabu bila wewe kuonekana unafundisha.

Siku bao likiwachosha, vitendawili. Lakini msivitege vikavu vikavu. Sote tunajua mpango: "Kitendawili!" "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Ukishindwa unaambiwa nipe mji, unatoa mji, mtegaji anajitapa kwamba alikwenda huko akapokewa kwa pilau na ngoma, halafu anasema ni yai. Kwetu miji ilitolewa hewani ikapotea. Siku hizi, kwa wajukuu zangu, miji inaandikwa. Mkubwa anachora ramani ya Kenya kutoka kwenye atlasi ya shule, kaunti zote 47, na anayeshindwa kutegua anatoa kaunti. Mwenye kaunti anaipaka rangi yake. Alasiri moja mwezi uliopita nilichukua kaunti 19. Mjukuu wangu wa kike alinipa Turkana, nikaikataa, nikamwambia kwa joto hili siendi huko, nipe Nyandarua. Wakagombana robo saa kama mshindi ana haki ya kukataa mji. Ugomvi wa namna hiyo uache, ni sehemu ya mchezo.

Kwa nyumba yako, cucu atege kwa Kikuyu: "Gwata ndaĩ!" Wa miaka 14 awe mkalimani, na utaona aibu inavyomshika akigundua haijui lugha ya bibi yake kama alivyodhani. Aibu hiyo nayo inafaa kidogo.

La mwisho, baridi ya mdomoni. Kama una jirani mwenye friji, loweka ukwaju, chuja, tia sukari, mimina kwenye vikombe vidogo vya chuma, simamisha kijiti katikati kikianza kuganda. Zamani tulitia kwenye vifuko vya nailoni tukavifunga mafundo. Mifuko imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na vikombe vinaganda vizuri tu. Mpe jirani viwili kama kodi ya friji.

*Mwalimu, toleo lililopita ulituambia tufunge madirisha na mapazia kuanzia saa nne asubuhi, tufungue usiku. Nilifuata. Ninaishi nyumba ya mabati, Kayole. Saa tisa nilikuta mke wangu amekaa nje kwenye karai la maji, hasemi na mimi. Ulikuwa unatushauri au unatupika? — Baba Mapacha, Kayole*

Baba Mapacha, makosa ni yangu na mke wako mwombe radhi kwa niaba yangu.

Ushauri ule ulikuwa wa nyumba ya mawe. Mimi nakaa ghorofa ya pili, juu yangu kuna wengine watatu wanaopigwa na jua kwa niaba yangu. Ukuta wa mawe huchelewa kupata joto, kwa hiyo ukiingiza hewa baridi ya usiku na kuifungia mchana, inakaa. Bati halina subira hiyo. Jua likiligusa, ndani ya muda mfupi linakuwa kama kikaango, na joto linashuka moja kwa moja vichwani. Ukifunga madirisha, hewa iliyopashwa haina pa kutokea.

Kwako wewe fanya kinyume: mchana fungua mlango na dirisha la upande wa pili, upepo upite. Kama huna silingi, funga makasha ya kadibodi yaliyokunjuliwa chini ya mbao za paa, lakini acha nafasi ya kiganja kati yake na bati ili hewa ya moto ipite juu itokee. Mbali kabisa na taa na nyaya, tafadhali. Mwenye nyumba akikubali bati lipakwe rangi nyeupe juu, litarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Halafu leso: iloweshe, ikamue, itundike dirishani upepo unakoingilia. Maji yanapogeuka mvuke hunyakua joto la hewa inayopita. Hewa yetu ya Februari ni kavu, ndiyo maana inafanya kazi hapa; dada yangu wa Mombasa alijaribu, akapata leso isiyokauka na nyumba yenye unyevu.

Na kuhusu michezo: kwa nyumba ya mabati saa nane hadi saa kumi na moja si saa za kukaa ndani hata kidogo. Hamieni kivulini ubavuni mwa nyumba na mkeka. Chora drafti kwenye kadibodi, miraba minane kwa minane, kete 12 kwa 12. Vifuniko vya soda vya mmoja vitazame juu, vya mwenzake vitazame chini. Mke wako acheze na vinavyotazama juu. Na umwachie ashinde.

*Habari za kazi Mwalimu. Sisi ni vijana wanne tunaokaa pamoja Kasarani. Jumapili nyumba haikaliki. Tunataka mahali penye paa na kivuli, si baa, na si duka kubwa la kuzurura bila kununua. Kuna nini? — Wanne wa Kasarani*

Kuna Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, na nawaona mkikunja nyuso. Mlikwenda mkiwa darasa la nne, mmepangwa mistari, mwalimu anapiga kelele, mkatoka mmeona nyoka tu. Rudini watu wazima. Kuta ni nene na ndani kuna utulivu. Nendeni kwenye chumba cha mafuvu mkasimame mbele ya yule mvulana wa Turkana, mifupa ya karibu miaka milioni moja na nusu. Kipande cha kwanza kilionwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mifupa mingi hivyo ya mtu mmoja wa zamani zile ni nadra mno. Mimi humtazama meno. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit, ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais. Bebeni vitambulisho, bei ya mwananchi ni nafuu kuliko ya mgeni.

Makumbusho ya reli nayapenda zaidi, lakini si saa nane mchana. Magari mengi ya moshi yako nje juani, na chuma kile ukikigusa utaacha ngozi. Nendeni asubuhi, mkalitafute behewa ambalo simba aliingia mwaka 1900 pale Kima akamchukua afisa wa polisi aliyeitwa Ryall. Ryall alikuwa amekaa humo kumvizia simba huyohuyo, akasinzia.

Maktaba za Eastlands pia, Kaloleni na Makadara, zimefanyiwa ukarabati zikapendeza. Ulizeni kwanza siku zao za kufungua.

*Mwalimu shikamoo. Nina miaka 11 na ninaishi South B na mama na dada wa kazi. Sina ndugu. Mwisho wa wiki mama anafanya kazi na dada hataki nitoke kwa sababu ya jua. Nimesoma vitabu vyangu vyote. Ni mchezo gani wa mtu mmoja? — Mimi, South B*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako ni fupi lakini nimeiwekea nafasi kubwa.

Nitakupa sinema. Haitumii umeme wala intaneti, na inataka jua kali, ambalo unalo.

Tafuta dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja saa hiyo, lakini nje yake kuna kitu kinachopigwa na jua: jengo la pili, barabara, kamba za nguo. Alasiri jua liko magharibi, kwa hiyo tumia dirisha linalotazama mashariki. Asubuhi, la magharibi. Hilo ndilo kosa nililofanya mara ya kwanza. Nilitumia dirisha lenye jua usoni, nikapata doa moja jeupe ukutani na kichwa kikaniuma.

Ziba dirisha lote kwa kadibodi. Maduka hutupa makasha, mwombe dada mwende pamoja. Ziba mianya kwa nguo nyeusi au blanketi na gundi ya karatasi, mpaka chumba kiwe na giza usione kiganja chako. Hapa utatoka jasho, vumilia, ni nusu saa. Katikati ya kadibodi toboa tundu moja la mviringo, unene wa penseli. Tundika shuka jeupe lipatalo mita moja na nusu kutoka kwenye tundu. Kaa, na usiseme kitu. Kwa dakika tano za kwanza hutaona chochote, utafikiri Mwalimu amekudanganya. Macho yakishazoea giza, vitu vitaanza kujitokeza kwenye shuka.

Utaona mtaa wako umepinduka. Mbingu iko chini, barabara iko juu. Matatu itapita matairi yameelekea dari. Kwenye kamba ya jirani shati litaning'inia kuelekea juu. Na zitakuwa na rangi zake zote, na zinasogea. Mtu akipita na mwavuli, utamwona.

Hii ni kwa sababu mwanga hutembea kwa mstari ulionyooka. Mwanga wa paa la jengo unashuka, unapita kwenye tundu, unaangukia chini ya shuka. Wa barabarani unapanda, unaangukia juu. Mwanachuoni mmoja, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri, alieleza jambo hili karibu miaka 1,000 iliyopita katika kitabu chake cha mwanga na kuona. Kamera ya simu ya mama yako inafuata njia hiyohiyo, ila kamera hiyo ina kioo cha lenzi kwenye tundu.

Kisha jaribu mambo. Sogeza shuka mbali zaidi, picha inakuwa kubwa lakini hafifu. Panua tundu kidogo, picha inang'aa lakini inakuwa na ukungu. Bandika karatasi nyeupe juu ya shuka, ufuatishe kwa penseli jengo la pili, halafu uigeuze karatasi: utakuwa umelichora vizuri kuliko mtu yeyote darasani kwenu. Ila usiweke jicho lako kwenye tundu kulitazama jua lenyewe, hata siku moja, hata kwa kutania. Tazama shuka tu.

Uliniuliza mchezo wa mtu mmoja. Huu ni wa mtu mmoja mpaka dada aingie kuuliza mbona umejifungia gizani. Mkalishe karibu na wewe, umwambie anyamaze dakika tano. Halafu niandikie, uniambie ni nani kati yenu aliyeona matatu kwanza, na shuka la nani lilichafuka.